Jaji, kura na dola milioni tatu za makaa ya mawe

MEI 10, 2016 wapiga kura wa jimbo la West Virginia, Marekani, walimnyima Jaji Brent Benjamin muhula wa pili katika Mahakama Kuu ya Rufani ya jimbo hilo. Aliambulia nafasi ya nne kati ya wagombea watano. Siku mbili baadaye Don Blankenship, tajiri wa makaa ya mawe ambaye fedha zake zilimsaidia Benjamin kushinda mwaka 2004, aliripoti gerezani kuanza kifungo cha mwaka mmoja. Kosa lake lilikuwa kula njama ya kukiuka kanuni za usalama katika mgodi ambao wafanyakazi 29 waliuawa kwa mlipuko Aprili 2010.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako majaji huteuliwa, inafaa kueleza kwamba majimbo mengi ya Marekani huwapata majaji kwa kura. Mgombea ujaji huchangisha fedha, hubandika mabango na hununua muda wa televisheni kama mgombea ubunge. West Virginia ina majaji watano wa ngazi hiyo, na kila mmoja huchaguliwa kwa miaka 12.

Mwaka 2002 baraza la raia waamuzi liliiamuru kampuni ya Massey, iliyoongozwa na Blankenship, kumlipa mchimbaji mdogo, Hugh Caperton, na kampuni zake dola milioni 50 kwa kumharibia biashara. Ilikuwa wazi kwamba shauri hilo lingefika kwenye rufani. Kabla halijafika, ukaja uchaguzi wa 2004.

Blankenship alitoa takriban dola milioni tatu kutoka mfukoni mwake. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye kikundi kilichomwandama jaji aliyekuwa kitini, Warren McGraw, kwa matangazo yaliyodai kuwa alimhurumia mhalifu aliyewadhulumu watoto. Makaa ya mawe hayakuwa hoja ya matangazo hayo. Kiasi hicho kilikuwa mara tatu ya matumizi ya kamati ya Benjamin mwenyewe, ambaye hadi wakati huo alikuwa wakili tu mjini Charleston. Benjamin alishinda kwa zaidi ya asilimia 53 ya kura.

Caperton alimwomba ajitoe katika shauri hilo. Benjamin akakataa, akisema hakuna ushahidi wa upendeleo. Novemba 2007 mahakama ilitengua hukumu ya dola milioni 50 kwa kura tatu dhidi ya mbili, naye akiwa miongoni mwa watatu. Baada ya kuchapishwa picha za jaji mwingine akistarehe na Blankenship katika pwani ya Ufaransa, shauri lilisikilizwa upya. Majaji wawili walijitoa. Benjamin alibaki, na kwa kuwa alikaimu ujaji mkuu, ndiye aliyeteua wa kuziba nafasi zao. Matokeo yakawa yaleyale, tatu kwa mbili.

Juni 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba alipaswa kukaa kando. Jaji Anthony Kennedy hakumtuhumu kwa rushwa. Alisema haikuwa lazima kuthibitisha yaliyomo moyoni mwa jaji. Ukubwa wa fedha na wakati zilipotolewa vilitosha kuleta hatari kubwa mno ya upendeleo. Jaji Mkuu John Roberts alipinga, akaorodhesha maswali 40 kuhusu namna ya kuipima hatari hiyo. Mengi ya maswali hayo ni ya haki kabisa: fedha kiasi gani ni nyingi mno, na deni la shukrani hufutika baada ya miaka mingapi?

Wanaomtetea Benjamin wana hoja nyingine nzito. Katika mashauri kadhaa alipiga kura dhidi ya Massey. Tena, Novemba 2009 mahakama ya jimbo iliamua shauri hilohilo bila yeye, na Massey ikashinda tena, safari hii kwa kura nne dhidi ya moja, kwa sababu mkataba ulitaka mgogoro upelekwe Virginia. Huenda basi kura yake ilikuwa sahihi kisheria tangu mwanzo. Lakini Caperton angeliaminije hilo, hali mwamuzi alikuwa amebebwa hadi kitini na fedha za mdaiwa wake?

Inaelekea somo hilo lilimfikia jaji mwenyewe. Mwaka 2016 aliomba kugharimiwa na mfuko wa umma, ambao jimbo liliuanzisha kwa majaribio mwaka 2010 kufuatia kashfa hiyo, badala ya kuwategemea wafadhili wakubwa. Mshindi, Beth Walker, alipigiwa debe kwa matangazo ya mamilioni ya dola yaliyolipiwa na kikundi chenye makao nje ya West Virginia.