Lugha Iliyozikwa Penye Mlingoti

Katika mji mdogo wa Marfa, jimbo la Texas, Marekani, palikuwa na shule iitwayo Blackwell. Tangu mwaka 1909 hadi ilipofungwa mwaka 1965, shule hiyo ilisomesha watoto wenye asili ya Meksiko, mbali na watoto wa Wazungu. Mwaka 1954 wanafunzi waliamriwa kuandika maneno ya Kihispania juu ya vipande vya karatasi. Vipande hivyo vikazikwa karibu na mlingoti wa bendera, kwa taratibu za mazishi, kana kwamba ni maiti. Maana yake kila mtoto aliielewa: lugha ya mama yake imekufa shuleni, na mwenye kuifufua atachapwa kwa ubao.

Wala Kihispania hakikuwa lugha ya wageni katika nchi ile. Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi mwaka 1836, na Kihispania kilisemwa huko kabla ya Kiingereza. Mgeni aliingia nyumbani, kisha akamfundisha mwenyeji kunyamaza.

Liko jambo moja ambalo hunishangaza kila nilifikiripo. Sekondari za Marekani, hata wakati ule wa marufuku, zilifundisha Kihispania kama lugha ya kigeni. Mtoto wa Kizungu aliyejikongoja kutamka sentensi mbili alipewa alama na kusifiwa. Mtoto wa Kimeksiko aliyeisema lugha hiyo hiyo nje ya darasa, kwa ufasaha aliounyonya kwa mamaye, aliadhibiwa. Kumbe kilichochukiwa si lugha, bali kinywa kilichoisema.

Mwezi wa Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari za mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani. Walidai wafundishwe kwa lugha zote mbili, historia ya wazee wao itiwe katika masomo, na pasiwe na adhabu kwa kusema Kihispania. Mwalimu aliyekuwa bega kwa bega nao, Sal Castro, alikuwa amewahi kuwa askari jeshini, na utotoni aliwahi kuketishwa pembeni mwa darasa kwa kutojua Kiingereza. Alikamatwa pamoja na wenzake kumi na wawili. Mashtaka yakaja kufutwa baadaye. Mimi niliyesomea ualimu siwezi kusifu tendo la kuacha vipindi. Lakini ombi la mtoto kwamba asipigwe kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwao lisingepasa kungojea maandamano.

Adhabu zilikoma kidogo kidogo, ila kovu lilibaki mahali pasipotazamiwa. Wengi waliochapwa walikuja kuwa wazazi, nao wakaapa kwamba watoto wao hawatapata aibu ile. Wakawalea kwa Kiingereza kitupu. Leo mjukuu mwenye jina la Kimeksiko huingia darasa la Kihispania akiwa mwanafunzi kamili, ajifunze moja, mbili, tatu, huku wenzake wakimtazama kwa mshangao. Wazungu wadhani anaijua tayari, hivyo anatafuta alama za bure. Wenye lugha humcheka na kumwita "no sabo", yaani yule ambaye hata "sijui" hawezi kuisema ipasavyo, maana sarufi yataka "no sé". Uchunguzi wa taasisi ya Pew uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Walatino wa Marekani wasiojua Kihispania, au wanaokijua kidogo tu, wamewahi kufedheheshwa na Walatino wenzao kwa sababu hiyo. Mtoto huyo ni mchache mara mbili, na anaporudi nyumbani nyanya yake amwambia neno, naye ajibu kwa kutikisa kichwa.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu sisi wa kambini, hapa Uganda, tunamjua mtoto wa namna hiyo. Baba ametoka kaskazini, mama magharibi. Nyumbani husemwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichowakutanisha. Uhamisho ukija, mtoto hupelekwa sekondari ambako katika darasa zima ni yeye na mwingine mmoja wasemao lugha hiyo. Kwa miaka mingi alichekwa kwayo, akaambiwa ni lugha ya askari na wezi. Kisha ukaja mtaala mpya wa mwaka 2020, ukakifanya Kiswahili somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mtoto wetu akafurahi, akidhani zamu yake imefika. Siku ya kwanza aliposimama akasema "watu yote iko hapa", darasa likacheka tena, safari hii pamoja na mwalimu.

Wazazi wengine, wakiona hivyo, huamua kusema Kiingereza tu nyumbani, hata kama chenyewe kinawapiga chenga. Nawaomba wasifanye haraka. Kiswahili cha kambini kina sikio na ulimi tayari. Kilichokosekana ni upatanisho wa sarufi, na huo hufunzika kwa muhula mmoja au miwili ya bidii. Asiye na lugha kabisa huanzia mbali zaidi. Jioni mwambie mtoto akusomee daftari lake kwa sauti. Akisema "watu wote wako hapa", nawe ukasema "watu yote", mwache akusahihishe, afande, bila kumkemea. Cheo chako hakitapungua.

Na siku ya wazazi itakapofika, muulizeni mwalimu swali moja: je, kile kibao cha kumvika shingoni mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao bado kimetundikwa darasani?