Dawa Haipigiwi Kura

Tarehe 5 Novemba 1996 wananchi wa jimbo la California, katika Marekani, waliitwa kupiga kura juu ya jambo ambalo kwa desturi ni kazi ya matabibu na maabara. Waliulizwa kama wagonjwa waruhusiwe kutumia bangi kwa idhini ya daktari. Zaidi ya nusu yao walikubali, na sheria ikapita. Sheria hiyo ilitaja saratani, ukimwi, maumivu ya muda mrefu na maradhi mengine kadhaa, kisha ikaongeza ugonjwa mwingine wowote ambao bangi huuletea nafuu. Haikutaja kipimo. Haikusema mara ngapi kwa siku, wala kwa siku ngapi, wala mwenye ini bovu afanyeje. Tangu wakati huo majimbo mengi ya nchi ile yamefuata njia hiyohiyo, na wako watu hapa kwetu wanaotutaka nasi tuifuate. Nasema kwamba njia hiyo ni mbovu, na ubaya wake humwangukia mgonjwa yuleyule anayedaiwa kuhurumiwa.

Elewa kwanza, msomaji, kwamba sibishani kama katika bangi mna dawa. Mna dawa. Marinol, ambayo ni kemikali ya bangi iliyotengenezwa maabarani, ilikubaliwa Marekani mwaka 1985 kwa kutuliza kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani. Ubishi wangu ni juu ya nani aseme kwamba kitu fulani ni dawa, na kwa ushahidi gani.

Kanuni za kupima dawa hazikutungwa na watu wenye roho ngumu. Ziliandikwa baada ya mazishi. Mwaka 1937 kiwanda kimoja cha Marekani kiliyeyusha dawa njema katika kimiminiko chenye sumu, kikaiuza bila kuijaribu, na watu zaidi ya 100 wakafa, watoto wakiwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata ikapatikana sheria ya kumlazimisha mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Kisha ikaja thalidomaidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikasababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu daktari mmoja wa serikali, Frances Kelsey, aliombwa kibali mwaka 1960 akakataa kukitoa, kila mara akidai ushahidi zaidi. Alisumbuliwa sana, wala hakutetereka. Mwaka 1962 sheria ikaongezwa nguvu: dawa isiwe salama tu, bali ithibitike kwamba inafanya kazi.

Hapo ndipo watetezi wa bangi hutuletea ushuhuda. Fulani alivuta akalala. Mtoto wa fulani alipewa mafuta yake, degedege likakoma. Siwaiti waongo. Lakini tazama yaliyoonekana katika jimbo la Colorado, ambako wazazi wengi wa watoto wenye kifafa kigumu walihamia ili wapate mafuta hayo. Uchunguzi wa watoto 75, uliochapishwa mwaka 2015, ulikusanya habari za wazazi. Katika familia zilizokuwa zikikaa Colorado tangu zamani, 22 katika kila 100 zilisema degedege limepungua kwa nusu au zaidi. Katika familia zilizohama makwao na kuja Colorado, idadi hiyo ilikuwa 47. Jimbo ni moja na mafuta ni ya namna moja, lakini aliyeuza nyumba na kuacha kazi kwa ajili ya tumaini huona nafuu mara mbili ya jirani yake. Sisi walimu twalijua jambo hili, na ndiyo sababu mtihani wa taifa hausahihishwi na mwalimu wa mtoto mwenyewe.

Sasa linganisha na kazi iliyofanywa kwa kanuni. Watoto na vijana 120 wenye kifafa cha Dravet waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolewesha. La pili lilipewa maji ya dawa yasiyo na dawa. Wazazi hawakujua nani amepewa kipi, wala madaktari hawakujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwa waliopewa kanabidioli, degedege la katikati lilishuka kutoka mara 12.4 kwa mwezi hadi 5.9, kwa wenzao, kutoka 14.9 hadi 14.1 tu. Kadhalika yakajulikana madhara: kuharisha, usingizi, na ini kutaabika, hasa kwa mtoto anayetumia pia dawa ya valproeti. Mwaka 2018 dawa hiyo, Epidiolex, ikapata kibali, na daktari akajua ampe nani, kiasi gani, na amchunguze nini. Kura gani ingeweza kumwambia hayo?

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Wasema serikali ya Marekani yenyewe ilifunga mlango wa uchunguzi. Ni kweli. Sheria ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika daraja la vitu visivyo na manufaa ya tiba, na kwa zaidi ya miaka 50, tangu 1968 hadi 2021, chuo kikuu kimoja tu, cha Mississippi, ndicho kilichoruhusiwa kuikuza kwa ajili ya wachunguzi. Ulikuwa ukaidi wa kuaibisha. Lakini dawa ya mlango uliofungwa ni kuufungua, si kubomoa ukuta. Wala kanuni hazikukosa huruma, maana kabla ya Epidiolex kupata kibali watoto wengi walikwisha kupewa kwa ruhusa maalum, chini ya macho ya madaktari. Jimbo la Oklahoma lilipobomoa ukuta mwaka 2018, sheria yake haikutaja ugonjwa hata mmoja. Hiyo ni leseni ya biashara iliyovikwa koti jeupe.

Kwetu Kenya sheria ya mwaka 1994 huikataza bangi, na watetezi wake hupenda kusema kwamba ni mmea tu wa Mungu. Pakanga ya Kichina nayo ni mmea. Wachina waliijua kwa homa zaidi ya miaka 1,600, lakini haikutoshelea mpaka Tu Youyou na wenzake, mwaka 1972, walipoitoa kemikali yake bila kuiunguza kwa moto, wakaijaribu na kuipima. Leo vidonge vyake vya malaria hutolewa katika zahanati zetu kwa uzito wa mgonjwa, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Mwenye bangi naye na aende mbele ya Bodi ya Dawa na Sumu na majibu kama hayo: uzito gani, mara ngapi, siku ngapi, na nani asiitumie kabisa. Akiwa nayo, sina neno naye.