Mchezaji akigongwa kichwa, atoke uwanjani

Wanaofuata mashindano ya mitaa mjini Kalemie, iwe komine ya Lac au ya Lukuga, wanaijua picha hii. Wachezaji wawili wanaruka kutafuta mpira wa juu, vichwa vinagongana, mmoja anaanguka. Wenzake wanakimbia na chupa ya maji, wanamwagia kichwani, wanamsimamisha. Akiweza kutembea anarudi kucheza, na watazamaji wanapiga makofi: huyo ni mwanaume kweli!

Makofi hayo ndiyo hatari. Kijana aliyepata mtikisiko wa ubongo anaweza kusimama, kukimbia, hata kufunga goli. Damu haionekani, wala mfupa haukuvunjika. Lakini akigongwa tena kabla ya kupona, madhara yanaweza kuzidi yale ya kwanza, hata kumuua, hasa akiwa bado mdogo.

Marekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Katika mpira wao, ule wa kushika kwa mikono, wachezaji wanagongana kwa nguvu zote huku wamevaa kaske. Kaske inakinga fuvu lisivunjike, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani yake. Mganga mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, ndiye aliyechunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji maarufu aliyefariki mwaka 2002, akakuta umeharibika. Alitangaza matokeo hayo mwaka 2005, na ligi ya NFL ikampinga. Mwaka 2013, baada ya maelfu ya wachezaji wa zamani kuishtaki, ligi hiyo ilikubali kulipa dola milioni 765.

Hata hivyo matata hayakuisha. Tarehe 25 Septemba 2022, Tua Tagovailoa wa Miami Dolphins aligonga kichwa chini, akasimama, akayumba mbele ya watu wote. Ilisemwa kwamba shida yake ni mgongo, akarudishwa uwanjani. Siku nne baadaye, mjini Cincinnati, aliangushwa tena, vidole vikakakamaa, akatolewa kwa machela. Mwezi uliofuata, ligi na chama cha wachezaji walibadili kanuni: anayeyumba baada ya kugongwa kichwa harudi tena katika mechi hiyo.

Ligi ile ina waganga kando ya uwanja, ina kamera na ina pesa nyingi. Vyote hivyo havikumsaidia Tagovailoa mpaka kanuni ilipomwondolea kila mtu ruhusa ya kubahatisha. Na kanuni ya namna hiyo haigharimu hata franga moja. Kalemie inaweza kuwa nayo.

Makocha watasema timu za mitaa hazina wachezaji wengi wa akiba, na hakuna anayetaka kumtoa mshambuliaji wake katika fainali. Wana haki kulalamika, lakini dawa ipo. Tangu Julai 2024, sheria za mpira wa miguu duniani zinawaruhusu waandaaji wa mashindano kukubali badiliko la ziada kwa aliyepata mtikisiko wa ubongo. Badiliko hilo halihesabiwi pamoja na yale ya kawaida, na timu pinzani nayo inapewa moja. Anayeogopa udanganyifu akumbuke kwamba aliyetoka harudi tena siku hiyo. Nani atamtoa nyota wake kwa uongo?

Uamuzi usiachiwe mchezaji, maana kila kijana atasema yuko sawa. Usiachiwe kocha pia, maana anataka kushinda. Mwamuzi ndiye awe na neno la mwisho. Akiona mchezaji anayumba, anashika kichwa, anatapika, au anauliza matokeo ni ngapi ilhali ameshaambiwa, amtoe.

Gari la wagonjwa haliko kando ya kila uwanja, kwa hiyo wenzake wajue la kufanya. Akilalamika shingo, asiinuliwe kwa nguvu. Akizimia lakini anapumua, alazwe kwa ubavu ili njia ya hewa ibaki wazi. Siku hiyo asiachwe peke yake, wala asiendeshe pikipiki. Akitapika mara kwa mara, akizidi kuumwa kichwa, akipata degedege au akiwa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Na asirudi kucheza mpaka dalili zote ziishe, tena aanze polepole.

Wazazi wengi hawafiki uwanjani. Wanamkabidhi mtoto kwa kocha na waandaaji, wakiamini atarudi nyumbani mzima. Basi kabla ya mashindano yanayokuja, waandaaji waandike kanuni hii pamoja na zile za kadi na penalti. Mwamuzi naye awasomee makapiteni wote wawili kabla ya kurusha sarafu: akigongwa kichwa, anatoka.