Kabla ya teatri, leteni mchora mavazi
Safu ya kila wiki ya Furaha Bauma

Mchezaji akitokea uwanjani na kofia pana, fimbo ndefu na buti za mpira, watu wa Masisi, huku Kivu Kaskazini, hawangoji afungue mdomo. Wameshaamua ni wa kabila gani, na kwamba shamba lililoliwa na ng'ombe liliharibiwa kwa makusudi. Akifuata mwenzake mwenye jembe begani na suruali iliyochanika, hukumu imekwisha. Mchezo uliokuja kupatanisha mfugaji na mkulima umechukua upande, na aliyeuchukua si mtunzi. Ni yule aliyeokota nguo asubuhi ile.

Ndiyo maana nasema kundi lolote linalotaka kucheza mambo ya ardhi huku kwetu liwe na mtu wa kuchora mavazi, naye alipwe. Wakuu wa makundi huniona ninataka anasa za Kinshasa wakati wao wanachezea kwenye nyasi. Lakini pesa za mafuta ya pikipiki zipo, za chakula zipo, za megafoni zipo, na makundi mengine yana hata fulana za mfadhili. Fulana hizo ndizo zinageuka vazi: mwami, mlinzi na mjane, wote nembo moja kifuani. Mtazamaji anabaki kusoma nembo.

Na si kwamba kumtambulisha mtu kwa kile alichoshika ni jambo geni kwetu. Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga wa Walikale, msimulizi Candi Rureke alisimulia habari za shujaa Mwindo kwa siku 12, mtafiti Daniel Biebuyck na wenzake wakiandika. Kitabu alichokitayarisha Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene kilitoka mwaka 1969. Rureke peke yake alikuwa Mwindo, alikuwa Shemwindo baba mkali, alikuwa shangazi Iyangura, akiimba, akicheza na kuigiza. Alishika kibuyu cha kutikisa na conga, ule mkia wa mnyama uliofungwa kwenye mpini wa mti, sawa na ule aliozaliwa nao Mwindo. Kwa mkia huo shujaa anajulikana. Mchora mavazi angeanzia hapo: kitu gani kimoja kitamtosha mtu huyu, na vingapi niviache?

Teatri shirikishi ina masharti yake, na hapo ndipo mchoro unapohitajika zaidi. Njia hii ilitoka kwa Mbrazili Augusto Boal katika miaka ya 1970, na katika Kivu shirika la Search for Common Ground limeitumia miaka mingi. Mchezo unafika kwenye ugomvi, unasimamishwa, kisha mtazamaji anaitwa achukue nafasi ya mchezaji na kujaribu njia nyingine. Sasa fikiri mama mwenye mtoto mgongoni anapanda kuwa mwenye shamba. Vazi linatoka mwili mmoja kwenda mwingine watu wakitazama. Koti la vifungo saba litaua mchezo. Linatakiwa joho lililo wazi mbele, la kufungwa kwa kamba moja, linalopita juu ya kikwembe, limfae kijana mrefu na mzee aliyeinama. Kwa hiyo joho lichorwe juu ya miili mitatu, sio juu ya yule mwanamitindo mwembamba wa kwenye kalenda za washonaji.

Halafu rangi. Jukwaa letu ni uwanja wa mpira, nyuma yake malisho na mikaratusi, na mara nyingi ukungu. Nguo ya kijani inamezwa pale pale. Kitenge cha maua madogo, kizuri mkononi, kwa aliye nyuma kabisa ni doa la kijivu. Njano na nyekundu zinafika.

Askari ndiye mgumu kuliko wote. Raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi, na hata bila sheria hiyo, nani atapita kwenye bariere na gwanda ndani ya begi, au bunduki ya mti? Kuna waliozoea kuweka sufuria kichwani ili watu wacheke. Sipendi. Aliyekimbia mapigano ya Sake na godoro kichwani hachekeshwi na sufuria. Ningependa mchoraji ajaribu mkanda mpana juu ya koti la kahawia, na filimbi shingoni, basi. Koti hilo hilo livaliwe na wenye silaha wa kila upande, asipatikane wa kusema wamechezwa wao.

Na yule mfugaji? Mnyang'anyeni kofia. Mpeni kamba ya ng'ombe mkononi, na mkulima mpeni kikapu, wote wawili joho la rangi moja. Buti abaki nazo akitaka. Mkulima wa Ngungu naye anazivaa.

Mwingereza Inigo Jones alipoanza kuchora mavazi ya michezo ya kasri la London mwaka 1605, karatasi yake ilimwezesha mlipaji kuona nguo kabla mshonaji hajakata kitambaa. Sisi walipaji wetu ni wengine. Daftari likijaa, lipelekwe kwa wazee, wafugaji kwa siku yao na wakulima kwa siku yao, waonyeshwe kila picha na kuulizwa: huyu ni nani? Wakijibu kwa jina la kazi, fundi akate. Wakijibu kwa jina la kabila, mchoraji arudi kwenye karatasi.