Andika bei, mteja asiombe

Kuna jambo linalofukuza wateja kuliko hata mtandao mbovu. Muuza nguo anaweka picha nzuri mtandaoni, mteja akiuliza bei anaambiwa "njoo inboksi". Kwa nini? Andika bei! WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na kupakuliwa bure, ina katalogi: unaweka picha, bei na maelezo mara moja, kisha unamtumia mteja kiungo badala ya kupekua picha kwenye simu kila anapouliza mtu. Ina pia ujumbe unaojituma wenyewe duka likiwa limefungwa. Utumie kutaja saa utakayofungua kesho, maana "asante kwa kuwasiliana nasi" halafu kimya haimsaidii mtu.

Kwenye malipo ya simu nawaomba sana wenye maduka: msitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji ya malipo kwenye simu ya mteja. Meseji hughushiwa kirahisi mno. Subiri ya kwako, na mtandao ukisuasua angalia salio. Mweleze mteja kwa upole kwamba ndio utaratibu wa duka kwa kila mtu, asijione anashukiwa wizi. Na kama umeajiri muuzaji, chukua Lipa Namba ya duka (namba ya kupokelea malipo ya simu) na umwachie simu inayopokea meseji za malipo. Nimeona wateja kaunta nzima wakisubiri huku kijana anampigia bosi aulize kama hela imeingia, na bosi hapokei. Wengine huacha mzigo na kuondoka.