Mpangaji Naye Ana Sitara Yake

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini wahenga hao hao walimfundisha mgeni kupiga hodi kwanza, angoje aitikiwe karibu, ndipo avuke kizingiti. Siku hizi amezuka mgeni asiyengoja kuitikiwa. Mgeni huyo ni kamera ya simu ya mkononi, iliyo mikononi mwa dalali wa nyumba.

Mtaa wa Gudele, ulioko magharibi ya mji wa Juba, ulipanuka upesi baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, na zaidi baada ya Sudan Kusini kupata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Watu walirudi kutoka Khartoum, Kampala na kambi ya Kakuma. Wafanyabiashara na mafundi wakaja kutoka Uganda, Kenya na Kongo. Wengi wa hao ni wapangaji. Chumba kinapotafutiwa mtu, picha zake hupita kutoka simu hadi simu, na kabla jua halijatua huwa zimeonekana na watu mamia ambao hawajapata kukanyaga ua huo.

Ichukuliwe mfano wa mama mmoja mwenye watoto watatu, ambaye mumewe ni dereva na yuko safarini. Wamelipa kodi ya miezi sita, na miezi minne bado haijaisha. Asubuhi moja, mama akiwa jikoni, anakuja kijana na simu mkononi.

“Mama, mwenye nyumba amenituma. Ni dakika mbili tu.”

Mama, kwa adabu na kwa hofu ya kumuudhi mwenye nyumba, anampisha. Kijana anapiga filamu ya vyumba vyote viwili: kitanda na chandarua chake, sare za shule zilizotundikwa ukutani, picha ya harusi yenye sura za jamaa wote, kitambulisho cha baba kilichowekwa mezani, televisheni na betri ya umeme wa jua, hata kufuli la lango. Jioni shemeji yake anampigia simu kutoka Kampala: “Shemeji, nimeona kitanda chenu. Kwani mnahama?” Kesho yake watu wasiojulikana wanagonga lango, wakitaka kuonyeshwa vyumba ambavyo mama yule amekwisha kuvilipia.

Katika kisa hicho, kuta na bati ni mali ya mwenye nyumba. Lakini kitanda, picha ya harusi na sare za watoto si mali yake, na maisha ya jamaa ile si sehemu ya kitu anachokipangisha. Siri ya mtungi aijuaye kata. Haifai kumwagwa barabarani na mtu aliyekuja kupima ukubwa wa mtungi.

HAKI YA NANI?

Mwenye nyumba ana haki ya kutafuta mnunuzi, au mpangaji wa kufuata baada ya yule aliyepo kuondoka. Nyumba ni tegemeo lake, naye hawezi kulaumiwa kwa kuitangaza. Hata hivyo, katika nchi nyingi zilizorithi misingi ya sheria ya Kiingereza, mpangaji aliyelipa kodi ana haki ya kukaa kwa utulivu mpaka muda wake uishe. Idhini ya kuingia kukagua paa linalovuja si idhini ya kupiga picha, na idhini ya kupiga picha si idhini ya kuzitangaza. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina hodi yake.

Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, katika kifungu cha 22, inalinda faragha ya kila mtu, na kukataza kuingiliwa kwa maisha yake binafsi, jamaa yake, nyumba yake na mawasiliano yake, isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kifungu hicho kinamtaja kila mtu. Hakikusema kuwa ulinzi huo ni wa mwenye hati ya kiwanja peke yake.

Kwa watu wa Gudele jambo hili si la aibu tu, bali ni la usalama. Mwezi Desemba 2013, mapigano yalipozuka mjini Juba, Gudele ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia sana, na watu walitafutwa nyumba hadi nyumba kwa sababu ya kabila lao. Mwezi Julai 2016 mtaa huo ulitikiswa tena. Kwa aliyepitia hayo, filamu inayoonyesha ni nani anakaa wapi, jina lake ni nani, jamaa zake ni akina nani na lango lake linafungwaje, si jambo la mzaha. Tena mwizi naye ana simu, na tangazo la nyumba humfikia kama linavyomfikia mnunuzi.

MFANO WA MAJIRANI

Nchi jirani zimekwisha kutunga sheria za kulinda habari za mtu binafsi, na picha yake ni miongoni mwa habari hizo. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na baa moja shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake.

Kwa upande wa nyumba za kupanga hasa, mfano ulio wazi unatoka Australia. Katika jimbo la Victoria, tangu Machi 2021, mwenye nyumba anayetaka picha za matangazo hana budi kumwarifu mpangaji kwa maandishi siku 7 kabla. Mpangaji naye aweza kukataa picha inayomtambulisha yeye au mtu anayekaa naye, inayofichua mambo yake ya siri, au inayoonyesha mali ya thamani iwezayo kuwavuta wezi. Sheria hiyo haikumzuia mwenye nyumba kutangaza. Ilimfundisha kupiga hodi.

YAFAAYO KUFANYWA

Hapana haja ya kungoja sheria kama hiyo ndipo watu watendeane haki. Wakati wa kuandikiana mkataba wa kupanga, yafaa uongezwe mstari mmoja: picha za ndani hazitapigwa wala kutangazwa bila mpangaji kukubali, naye ataarifiwa siku kadhaa kabla. Siku ya kupigwa picha mpangaji awepo, au amweke mtu anayemwamini. Watoto watolewe nje. Vitambulisho, picha za jamaa, vyeti, dawa na vitu vya thamani viondolewe au vifunikwe. Namba ya nyumba na kufuli visionyeshwe. Kabla picha hazijatumwa popote, mpangaji azione, na isiyofaa ifutwe mbele ya macho yake. Ikiwa zimekwisha kutangazwa bila idhini, na aombe kwa maandishi ziondolewe, akiweka nakala ya barua na ya tangazo lenyewe, ili akihitaji kwenda kwa wazee wa mtaa au mahakamani awe na ushahidi.

Mwenye nyumba naye hapati hasara. Mnunuzi hanunui chandarua cha mtu. Anataka kuona ukubwa wa chumba, dirisha, sakafu na paa. Dalali wa mama yule angaliambiwa arudi baada ya siku mbili, angalikuta chumba kimefagiliwa, picha ya harusi imeshushwa na watoto wako shuleni. Dakika zake mbili zingalimtosha, tangazo lingalipata picha zake, na shemeji wa Kampala asingalijua rangi ya shuka.