Sumu Iliyopakwa Ukutani

Mtu anayejenga nyumba katika miji yetu hutazama mambo mengi kabla ya kutoa fedha zake: hugonga tofali kwa tofali asikie mlio wake, huchota mchanga kiganjani ajue kama una chumvi, huhesabu nondo moja moja zishukapo garini, na pengine huketi na fundi mpaka magharibi wakibishana juu ya mfuko mmoja wa saruji ambao hesabu yake haikutimia. Lakini mtu huyo huyo, afikapo dukani kununua rangi, huuliza bei, huchagua ipendezayo macho, kisha hubeba kopo lake akaenda zake, asijue, wala asiwe na njia ya kujua, kama ndani ya kopo lile mna madini ya risasi au hamna. Jicho haliioni, pua haiinusi, na fundi aliyepaka rangi kwa miaka 30 hana ujuzi wa kumwezesha kuitambua.

Maoni yangu ni kwamba dhima ya jambo hili imewekwa mahali pasipo pake. Tumezoea kumwambia mzazi ajihadhari, na hadhari ni jambo jema, ila mtu hawezi kujihadhari na kitu alichofichwa. Wa kwanza kuulizwa ni yule aliyekitia kitu hicho katika kopo, na wa pili ni yule aliyepewa amana ya kupima na akakaa kimya.

Risasi hutiwa katika rangi kwa makusudi. Rangi nyeupe ya risasi ilijulikana tangu enzi za Wayunani na Warumi, na hata leo misombo ya risasi hutumiwa katika baadhi ya rangi za mafuta kwa kuwa hutoa manjano na wekundu uliokolea usiopauka upesi juani, na kwa kuwa huharakisha kukauka. Kwa hiyo shaka kubwa huwa juu ya milango, madirisha, mageti, madawati ya skuli na bembea za watoto, vitu ambavyo aghalabu hupakwa rangi ya mafuta iliyokolea, kuliko juu ya kuta zilizopakwa rangi ya maji. Rangi ikiwa mpya na imeshika vizuri, madhara yake kwa wakaao humo ni machache. Ikizeeka, ikapigwa na jua na unyevu wa pwani, hubanduka na kuwa unga, na unga huo huanguka sakafuni, mahali ambapo mtoto hutambaa, hucheza, na kutia vidole vyake kinywani.

Mwili wa binadamu huipokea risasi kana kwamba ni kalisi ijengayo mifupa. Huiweka katika mifupa na meno, ikakaa humo miaka mingi, na mwanamke akichukua mimba risasi iliyolala mifupani mwake tangu utotoni huweza kuamka na kumfikia mwana tumboni. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na ubongo wake, ambao bado unajengwa, ndio unaopata hasara kubwa kuliko viungo vingine: akili hupungua, usikivu darasani hupotea, hasira huzidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto haoneshi homa wala kipele. Huitwa mzito, au mtundu, akachapwa kwa kosa lililofanywa na dirisha.

Wala mtu asidhani kwamba maarifa haya ni mapya. Mwaka 1904, katika mji wa Brisbane huko Australia, daktari wa macho aitwaye J. Lockhart Gibson, baada ya kutibu watoto waliopooza na kupofuka kwa sumu ya risasi, aliandika kwamba chanzo chake kilikuwa rangi ya vibaraza na mbao za nyumba zao, iliyokaushwa na jua kali la nchi ile mpaka ikawa unga ulioshika vidole vya watoto. Msomaji wa Tanga, Lamu au Unguja atafakari habari hiyo, maana jua na kibaraza avijua. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliokaa Geneva ulipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, ingawa uliacha mlango wazi kwa vituo vya reli na majengo ya viwanda, na fikira zake zilikuwa juu ya wapaka rangi zaidi kuliko watoto. Hata hivyo Marekani, pamoja na utajiri na wataalamu wake wote, haikuizuia rangi ya namna hiyo majumbani ila mwaka 1978, na mpaka leo nyumba zao za zamani zingali zikiwaletea taabu. Muda huo wote uliopita baina ya kujua na kutenda ulilipiwa na watoto, na sisi hatuna udhuru wa kuurudia.

Sheria tunayo. Kiwango kilichokubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hakiruhusu risasi kuzidi sehemu 90 katika milioni, yaani gramu 90 katika tani nzima ya rangi iliyokauka, nacho ndicho kipimo kile kile wanachokitumia Wamarekani leo. Rangi zisizo na risasi hutengenezwa na kuuzwa kila pembe ya dunia, hivyo hakuna mwenye kiwanda awezaye kudai kwamba ameshurutishwa. Upungufu uko katika utekelezaji, hasa kwa viwanda vidogo na makopo yapitayo mipakani bila ya kuulizwa. Watu wa Mombasa wameijua bei ya uzembe wa namna hii kwa njia nyingine: wakazi wa Owino Uhuru waliathiriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fidia ni haki yao, lakini haiwezi kumrudishia mtoto akili iliyokwisha kupungua.

Hatari kubwa zaidi hutokea siku ile nyumba inapotengenezwa. Fundi akipiga msasa mkavu kwenye dirisha la zamani, au akiunguza rangi kwa moto ili ibanduke, huigeuza sumu iliyokuwa imetulia kuwa vumbi na moshi, akaivuta yeye kwanza, kisha akaipeleka kwa wanawe katika nguo zake. Rangi kuukuu na iloweshwe kabla ya kukwaruzwa, watoto na wenye mimba waondolewe, mabaki yakusanywe yasifagiliwe uani, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ikiwa rangi ya zamani ingali imeshika, afadhali kupaka mpya juu yake kuliko kuichokoza.

Asbesto nayo yataka adabu kama hiyo. Skuli, hospitali na nyumba za watumishi zilizojengwa katikati ya karne iliyopita ziliezekwa kwa vigae vyake, na ingawa Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, mapaa hayo hayakushuka yenyewe. Kigae kizima kilichofungwa na saruji hutoa nyuzi chache. Kikikatwa, kikitobolewa au kikivunjwa, nyuzi zisizoonekana huingia mapafuni na saratani yake huweza kudhihiri baada ya miaka 20, 30 au 40. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu huko Afrika Kusini, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakufanya kazi katika migodi ya asbesto kamwe, bali waliishi karibu nayo walipokuwa wadogo. Wengi huogopa maji ya mvua yatokayo katika paa hilo, na madhara yake kwa njia ya kinywa hayajathibitika. Cha kuogopwa ni vumbi, kwa hiyo vipande vya kigae kilichovunjika visitumiwe kujengea banda la kuku wala kutandikia njia. Kadhalika mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki, zenye kuonesha ukijani, masalio yake yasiwe kuni, maana aseniki hubaki jivuni na nyingine hupanda na moshi.

Sisemi turudi katika nyumba za mababu. Chokaa iliyochomwa kwa matumbawe, ikiwa mbichi, iliunguza macho ya wengi, na bahari nayo ina haki ya matumbawe yake. Lakini chokaa ikikwisha kukauka ukutani haikumlia mtoto ubongo, na si haki kiwanda chenye maabara kituuzie kilicho duni kuliko tanuri la kuni.

Basi mashirika yetu ya viwango na yanunue rangi madukani kama anunuavyo mteja wa kawaida, bila ya kutoa habari mbele. Yazipime, na majina ya zilizofaulu na zilizoshindwa yachapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Kiasi cha risasi kiandikwe juu ya kopo kwa herufi zisomekazo. Na wewe msomaji, kabla ya kulipia kopo la manjano au jekundu, mwulize mwenye duka swali moja, kama mna risasi ndani yake, na akishindwa kulijibu, usinunue.